Kompyuta Ndogo Isiyo na Kelele, Nyumbani na Darasani

Zana ya kufundishia ni mtumishi wa somo. Mtumishi mwema hafanyi makelele, hali kupita kiasi, na akiisha kumaliza kazi hukaa kando mpaka aitwe tena. Kwa kipimo hicho, kompyuta nyingi zilizofika katika shule zetu si watumishi wema. Nyingi ni mashine za mezani zilizokwisha kutumika maofisini. Feni zake huvuma kutwa, umeme zinaotumia ni mwingi, na zikishikwa na vumbi la kiangazi hunguruma kama mashine ya kusaga. Matokeo yake yanafahamika: hufunikwa kitambaa, hufungiwa kabatini, na mwalimu hurudi kwenye ubao na chaki.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi nilivyounda kompyuta ndogo ya sauti na picha kwa ajili ya nyumba yangu hapa Morogoro, jinsi kompyuta hiyo ilivyopanda mlima pamoja na wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, na mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuyapima kabla ya kuitumia. Sisemi kwamba kila mwalimu anapaswa kuwa na chombo hiki. Nasema kwamba mwalimu anayekusudia kukitumia yampasa akijue ndani na nje, kama seremala anavyolijua randa lake.

Kwa nini utulivu?

Morogoro ni mji wa muziki. Hapa ndipo Salum Abdallah alipoiongoza Cuban Marimba, na hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipopata sifa akiwa na Morogoro Jazz, kabla ya kifo chake mwaka 1979. Nyumbani kwetu nyimbo za wakati huo hupigwa kila jioni, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Haja yangu ya kwanza ilikuwa ndogo: mashine itakayopiga nyimbo hizo, itakayoonyesha filamu za watoto, na itakayotunza picha za familia, bila kuvuma usiku kucha na bila kumaliza umeme wa mwezi kabla ya nusu ya mwezi. Sauti nyororo ya gitaa haisikiki vema penye feni.

Baadaye nilitambua kwamba darasa lina haja hiyo hiyo kwa nguvu zaidi. Mvumo wa feni hauonekani kuwa kero kwa sababu haubadiliki, na sikio la mtu mzima huuzoea upesi. Lakini mtoto aliyeketi dawati la nyuma, anayejifunza kutofautisha sauti za maneno, hupoteza konsonanti kabla ya kupoteza irabu. Husikia "paa" mahali pa "pasa", na hathubutu kuuliza. Mwalimu naye huinua sauti ili ashindane na mashine, na darasa zima huinua sauti ili lishindane na mwalimu. Darasa la mabati lina adui wa kutosha katika mvua ya masika, na haifai mwalimu amwongeze adui mwingine kwa mkono wake mwenyewe.

Hesabu ya umeme

Kelele na umeme ni ndugu. Umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka joto, na joto lisipotoka huharibu kazi. Mashine inayokula wati 100 hutoa joto jingi, hivyo huhitaji feni. Mashine inayokula wati 5 hutoa joto dogo ambalo kipande cha alumini kinaweza kulitawanya hewani peke yake. Kwa hiyo anayetaka ukimya asianze kwa kutafuta feni nzuri. Aanze kwa kupunguza ulaji wa umeme.

Hebu tufanye hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Mashine ya wati 100 ikiwashwa usiku na mchana hutumia uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 72 kwa mwezi wa siku 30. Mashine ya wati 5, kwa muda huo huo, hutumia uniti 0.12 kwa siku, yaani uniti 3.6 kwa mwezi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama chombo kitatumika au kitafunikwa kitambaa.

Mahali pasipo na umeme wa gridi hesabu ni ya betri. Tuchukue betri ya volti 12 yenye ampea-saa 18. Ukizidisha 12 kwa 18 unapata wati-saa 216. Betri ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, la sivyo itakufa mapema. Basi zilizo halali kwetu ni wati-saa 108. Kompyuta ndogo tuipe wati 5, kioo kidogo cha kuonyeshea wati 15, na spika wati 3. Jumla ni wati 23. Kifaa cha kubadili volti hupoteza sehemu ya umeme njiani, kwa hiyo betri itatoa wati 27 hivi. Gawanya 108 kwa 27, nawe utapata saa 4, yaani vipindi 6 vya dakika 40. Paneli ya jua ya wati 50 huweza kurudisha kiasi hicho kwa siku moja ya jua zuri. Wakati wa masika, mawingu yanapokaa juu ya Uluguru kwa siku nyingi, haiwezi. Mwalimu aweke jambo hilo katika azimio lake la kazi, kama mkulima anavyoiweka mvua katika hesabu zake.

Kuiunda

Moyo wa mashine yangu ni ubao mmoja wa saketi uitwao Raspberry Pi, ambao ukubwa wake haufiki ule wa daftari dogo. Ubao wa kwanza wa aina hii ulianza kuuzwa mwaka 2012 na taasisi moja ya huko Cambridge, Uingereza, iliyokuwa na nia ya kuwapatia watoto kompyuta ya bei nafuu ya kujifunzia. Ninaoutumia ni wa toleo la nne, lililotoka mwaka 2019. Vifaa vingine ni hivi:

1. Kasha la alumini lenye mapezi, ambalo hugusana na kitovu cha kompyuta kwa kipande laini kinachopitisha joto. Kasha lenyewe ndilo kipoza joto, na feni haipo.

2. Kadi ya kumbukumbu, ambamo programu huwekwa.

3. Diski ndogo isiyo na sehemu inayozunguka, kwa ajili ya sauti na picha. Diski ya kuzunguka hulia, hula umeme zaidi, na haipendi kutikiswa katika gari la kupanda mlima.

4. Kifaa cha kutoa volti 5 kwa ampea 3, na kingine cha kushusha volti 12 za betri kufikia volti 5.

5. Waya wa kuunganisha na kioo cha televisheni, spika, na kicharazio kidogo.

Kazi ya kuunganisha huchukua jioni moja, wala haihitaji kulehemu. Kuna mambo manne ya kuangaliwa.

La kwanza ni joto. Mchana wa Morogoro katika miezi ya joto si mchezo, na ubao huu hujipunguzia kasi wenyewe unapofikia nyuzi joto 80. Hewa ya moto hupanda juu, basi lisimamishe kasha wima ili hewa ipite katikati ya mapezi, na usiliweke nyuma ya pazia wala juu ya televisheni. Hapo una somo zima la sayansi juu ya mwendo wa joto hewani, na kielelezo chake ki mezani.

La pili ni waya. Waya mwembamba na mrefu hupunguza volti kabla hazijafika. Ukiona alama ya radi kwenye kona ya kioo, mashine inakuambia kwamba ina njaa. Tumia waya mfupi na mnene. Kwenye betri, weka fyuzi karibu na ncha yake chanya, na uhakikishe chanya na hasi kabla ya kuunganisha kitu chochote.

La tatu ni namna picha zilivyohifadhiwa. Ndani ya kompyuta hizi mna sehemu maalumu ya kufumbua picha za video za aina fulani. Filamu ikiwa ya aina inayojulikana na sehemu hiyo, kazi hufanyika kwa umeme kidogo. Ikiwa ya aina nyingine, kitovu cha kompyuta hulazimika kufanya kazi yote peke yake, joto hupanda na picha hukwama. Kwa kioo kidogo cha darasani, picha ya ubora wa kati yatosha kabisa.

La nne ni kuzima. Mashine inapoandika katika kadi na umeme ukakatika ghafla, maandishi huweza kuharibika. Izime kwa utaratibu, na utunze nakala ya kadi nzima mahali pengine. Nakala moja ni kama kutokuwa nayo, siku utakapoihitaji.

Kuhusu programu, natumia Kodi kwa nyimbo na filamu. Hii ni programu huria isiyolipiwa, na jina hilo ililipata mwaka 2014. Kwa maandishi natumia Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo humwezesha mtu kusoma Wikipedia, ikiwamo ile ya Kiswahili, pasipo intaneti. Vitabu vya kiada vinavyotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania katika maktaba yake ya mtandaoni huweza kusomwa kwenye kioo hicho hicho. Filamu za watoto kama Ubongo Kids, zilizotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014, zina Kiswahili ambacho mtoto wetu anakielewa. Yapasa kufuata masharti ya wenye haki kabla ya kunakili. Mwalimu anayewakataza watoto kuibiana mitihani asiwafundishe wizi kwa kompyuta.

Mlimani

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikwenda kuwakagua wanachuo wawili katika shule moja ya upande wa Mgeta. Tulikuwa tumewaazima mashine hii pamoja na betri yake, na kila mmoja aliandaa somo lake mwenyewe.

Mwanachuo wa kwanza alifundisha mzunguko wa maji. Aliwaonyesha watoto filamu ya dakika 20. Darasa lilitulia kama msikiti, nami niliandika katika kitabu changu kwamba nidhamu ni nzuri. Filamu ilipokwisha aliuliza maji ya mto hutoka wapi. Mikono michache iliinuka. Mmoja alisema hutoka katika theluji. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa filamu ile, maana milima yake ilikuwa ya nchi za baridi. Lakini mtoto yule amezaliwa katika milima isiyo na theluji, ambako ukungu hushuka hadi mlangoni na kijito hupita chini ya shamba la kabichi la mama yake. Kijito hicho huingia Mto Mgeta, na maji yake hufika Ruvu, mto unaowanywesha watu wa Pwani na Dar es Salaam. Mtoto alikuwa na mzunguko wa maji nyumbani kwao, na filamu ilimwondolea kwa dakika 20.

Mwanachuo wa pili, wa darasa la tatu, alifanya jambo dogo. Siku chache kabla ya somo alikwenda kwa bibi mmoja wa kijiji kile, akaomba ruhusa kwake na kwa wanawe, akarekodi ngano fupi isiyozidi dakika tatu. Bibi alisimulia polepole, kwa sauti ya chini kama wasimulizi wa zamani, na hapa na pale alitia neno la Kiluguru. Kwa ile mashine ya ofisi inayovuma, sauti hiyo isingevuka dawati la pili. Kwa mashine isiyo na feni ilifika hadi ukutani.

Alisimamisha ngano katikati na kuuliza, "Mnadhani sungura atafanya nini?" Watoto wakabishana. Akaendelea, akasimamisha tena, akaeleza maana ya neno moja alilolisema bibi. Ndipo mtoto mmoja wa kike, ambaye mwalimu wa darasa aliniambia baadaye kwamba tangu muhula uanze hajapata kuinua mkono, akasimama.

"Samahani mwalimu, sivyo. Bibi hakumaanisha hivyo."

"Haya mwanangu, tueleze," mwanachuo akasema.

Naye akaeleza, mwanzo kwa kunong'ona, kisha kwa sauti kamili, kwa maana bibi yule alikuwa bibi yake mzaa mama, na ngano ile alikuwa ameisikia jikoni. Wenzake walimgeukia. Mwanachuo aliandika neno lile ubaoni pamoja na maana aliyopewa, akamshukuru. Kwa dakika tano zilizofuata mashine ilikaa kimya na watoto ndio waliosema.

Jioni tulikaa watatu kuyajadili masomo hayo. Sikuwa na haja ya kusema mengi. Mwanachuo wa kwanza alikuwa ameuliza mwenyewe, "Mwalimu, filamu yangu niitupe?" Nikamjibu kwamba tatizo haliko katika filamu. Tulichagua pamoja vipande viwili, cha mvuke kupanda na cha matone kuanguka, jumla yake dakika mbili. Katika somo lililofuata alizima sauti kabisa, akawataka watoto waseme wanachokiona kwa maneno yao. Kisha aliwatoa nje kuangalia ukungu uliokuwa ukiondoka juu ya mashamba. Waliporudi waliuchora mzunguko wa maji, na mto katika michoro yao ulikuwa na jina.

Mafunzo ya waliotutangulia

Hatukuwa wa kwanza kupambana na swali hili. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, na watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walishiriki. Redio haikuachwa iseme peke yake. Watu walikaa katika vikundi, wakiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu mkononi. Walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilianzisha mazungumzo, na kikundi ndicho kilichoyamaliza.

Mfano wa upande mwingine ni Ivory Coast, ambako masomo ya shule za msingi yalianza kutolewa kwa televisheni mwaka 1971. Shule nyingi hazikuwa na umeme, zikatumia televisheni za betri, na gharama ilikuwa kubwa mno. Mpango huo ulikoma mwaka 1982. Anayedharau hesabu ya wati na betri, akidhani ni kazi ya fundi na wala si ya mwalimu, autafakari mfano huo.

Hapa Uluguru kuna funzo lililo karibu zaidi. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kukata matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na watu hawakuona faida yake katika mavuno. Mwaka 1955 walikataa, na mpango ukaachwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, lakini dawa iliyoletwa bila kuuliza nani ataibeba haikukubaliwa. Mwalimu anayepeleka kompyuta kijijini aulize mapema: Nani atachaji betri? Ufunguo atautunza nani? Kikiharibika kitu, fundi yuko umbali gani? Na wazee wameona faida gani? Shule ile ya Mgeta ilikuwa na jibu kwa swali la mwisho siku bibi alipokuja mwenyewe, akijikongoja kwa mkongojo, kuisikia sauti yake.

Hitimisho

Ndugu mwanachuo, katika andalio lako la somo iko safu ya vifaa na zana. Usiandike humo "kompyuta" ukadhani umemaliza. Andika kipande gani, cha dakika ngapi, utakisimamisha wapi, na swali gani utakaloliuliza utakapokisimamisha. Andika pia utafanya nini betri ikiisha, maana itaisha.

Jaribu kanuni tatu hizi. Kwanza, kipande kisizidi dakika tatu kabla ya watoto kusema. Pili, kwa kila kitu kitokacho mbali, tafuta kimoja kilichorekodiwa kijijini penyewe, kwa idhini ya mwenyewe. Tatu, keti dawati la nyuma kabisa kabla ya kipindi, washa mashine yako, usikilize. Ukiisikia mashine kabla ya kumsikia msimulizi, kazi yako haijakwisha.

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe sehemu ya maisha ya jamii yake. Kompyuta ya wati 5 haiwezi kutimiza jambo hilo, wala ya wati 100. Bali ile ndogo, ikiwa mikononi mwa mwalimu aliyejiandaa, yaweza kubeba sauti ya bibi kutoka jikoni hadi darasani na kisha kunyamaza, ili mjukuu wake apate nafasi ya kusema.